Bristol Open Doors: anzia chini, jikoni

Mwaka wa tisa huu nafanya kazi ya madirisha katika mji wa Bristol, Uingereza. Si yale ya alumini yanayobandikwa asubuhi na jioni mtu ameshalipwa. Ni ya mbao, ya kupandisha na kushusha, yenye miaka mia mbili na ushei, ambayo mwenye nyumba akiyabadilisha bila kibali cha halmashauri anaweza kushtakiwa mahakamani. Kwa hiyo kila Septemba, kwenye tamasha la Bristol Open Doors, majengo ya zamani ya mji yanapofunguliwa watu wote waingie, mimi hubaki nyumbani. Mpika mandazi hapangi foleni ya mandazi siku yake ya mapumziko.

Safari hii nilienda kwa ajili ya Shangazi, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Alikuwa amechoka kuangalia televisheni na kuniuliza jua litatoka lini. Nikamwambia tutaenda kuona nyumba za enzi za akina George. Akadhani ni Georgia ya Marekani, aliko mpwa wake, akaanza kupanga zawadi. Nikamweleza: hawa ni wafalme wanne wa Uingereza, wote George, wakipokezana kuanzia 1714 hadi 1830, na nyumba zilizojengwa wakati wao zimebeba jina lao. "Wanne wote jina moja?" akauliza. "Hawakuwa na babu mwingine wa kumrithi jina?"

Kama hujawahi kwenda, mambo ni hivi. Ni siku chache za Septemba, sehemu nyingi ni bure, chache zinataka ujiandikishe mapema, na wanaokupokea mlangoni ni watu wa kujitolea. Wako wengi wastaafu, wamejaa habari, na ukimuuliza mmoja swali la dakika moja anakujibu kwa robo saa. Majengo ni ya kila zama. Sisi tulichagua ya akina George tu, kwa siku mbili, kwa sababu miguu ya Shangazi ina mipaka na mji huu ni vilima vitupu. Mimi naipa nyota nne. Shangazi alitoa tatu, nitasema kwa nini.

Jumamosi tulipanda Clifton, mtaa wa kilimani. Huko ndiko wanakopiga picha wote: Royal York Crescent, safu moja ya nyumba 46 iliyopinda kama mwezi mchanga, imekaa juu ya kilima ikitazama bonde. Mbele yake kuna baraza ndefu iliyoinuliwa, na chini ya baraza hiyo kuna vyumba vya kuba. Ukisimama mwisho mmoja unaona balkoni za chuma zikipungua mpaka zinakuwa uzi. Ni nzuri, sikatai. Lakini hadithi yake ndiyo tamu zaidi. Walianza kujenga 1791, kila mwenye senti akikimbilia kuweka pesa kwenye nyumba, na 1793 vita na Ufaransa vikaanza, mikopo ikakauka, wajenzi wakafilisika. Kilima kikabaki na maganda ya nyumba yasiyo na mapaa kwa miaka. Safu hiyo ilikamilika 1820. Shangazi alifurahi sana kusikia hivyo. Anawajua watu Nyali wenye maganda ya namna hiyo, na sasa ana la kuwajibia wanaowacheka.

Tuliingia nyumba moja ya mtu binafsi, sitaitaja. Tulisimama foleni dakika 40 kwenye upepo. Mwenyeji alikuwa mkarimu, akatuonyesha dari ya plasta, maua na utepe, kazi safi. Kisha nikaangalia madirisha, moyo ukaniuma. Yalikuwa yamepakwa rangi juu ya rangi juu ya rangi mpaka yameganda kwenye fremu kama kibanzi kilichokaushwa ndani ya ugali. Yote matatu ya sebuleni. Akasema kwa fahari kwamba hayajafunguliwa tangu anunue.

Sasa nivumilie kidogo, hii ndiyo kazi yangu. Dirisha la aina hii lina siri. Ndani ya fremu, kulia na kushoto, kuna kisanduku kirefu cha mbao ambacho mgeni haoni. Humo kinaning'inia chuma kizito, pengine risasi, kimefungwa kamba inayopita juu ya kapi dogo, ndugu wa lile la kupandishia tanga, halafu inashuka na kushikwa kwenye ubavu wa dirisha. Uzito wa vyuma viwili unakaribia kulingana na uzito wa dirisha lenyewe, mbao pamoja na vioo. Ndiyo maana likiwa zima mtoto wa miaka sita analipandisha kwa vidole viwili, nalo linasimama pale pale alipoliachia. Kamba ikikatika unasikia chuma kikianguka ndani ya ukuta, pu! Kuanzia siku hiyo dirisha ni mzigo, na wengi huliwekea kigingi cha kijiti. Nimefungua visanduku vingi. Humo nimekuta misumari ya kufuliwa kwa mkono, kiota cha panya, na mara moja kiatu kidogo cha ngozi. Na kioo cha zamani hakiko bapa: kilipulizwa, kikazungushwa kwenye fimbo mpaka kikawa sahani pana, ndipo kikakatwa vipande. Ukitazama nje kupitia kioo hicho, mtu anayepita barabarani anatetemeka kidogo kama yuko majini.

Ukiona kwenye ukuta umbo la dirisha limezibwa kwa matofali au mawe, jua huenda ni kodi. Kuanzia 1696 mpaka 1851 serikali ilitoza kodi kwa idadi ya madirisha, na watu wakaziba. Usiamini hivyo kila mara, ingawa. Mengine yalijengwa hivyo tangu mwanzo ili upande huu ulingane na ule. Watu wa enzi hiyo walikuwa na ugonjwa wa ulinganifu.

Jumapili tulianzia mjini, Corn Street, kwenye jengo la The Exchange, soko la wafanyabiashara alilolijenga John Wood Mkubwa, yule aliyesifika kwa mitaa ya mji jirani wa Bath, kati ya 1741 na 1743. Nje zimesimama meza nne za shaba, mguu mmoja mmoja, fupi na duara, ukingo wake umeinuliwa kidogo ili sarafu zisidondoke. Wafanyabiashara walimaliza bei hapo hapo, pesa mezani. Juu ya mlango iko saa yenye mishale miwili ya dakika. Mmoja unafuata saa za London, mwingine uko nyuma dakika 10 hivi, kwa sababu Bristol iko magharibi na jua huchelewa kuifikia. Kabla ya reli kila mji ulikuwa na saa yake, na Bristol ilishikilia ya kwake mpaka 1852.

Mwelekezi wa msafara mmoja, naye sitamtaja, alikuwa akieleza haya kwa Kiingereza cha haraka. Shangazi akanivuta mkono.

"Ile saa yasema saa tano ama saa tano kasoro dakika kumi?"

"Zote mbili, Shangazi."

"Kumbe nao wana saa zao." Akatulia. Tangu afike, watoto wangu walikuwa wakimcheka anapowaambia chakula ni saa saba.

Mwelekezi huyo ndiye aliyetunyang'anya nyota. Kwa saa nzima na nusu alizungumzia nguzo, pembetatu za juu ya milango, rangi ya jiwe. Alipofika kwenye pesa zilizojenga yote haya akasema "biashara ya Atlantiki" akageuka kona. Biashara ya nini, hakusema. Meli za Bristol zilibeba Waafrika takriban nusu milioni kuvuka bahari kati ya 1698 na 1807. Nami nayajua haya kwa kusoma tu, watu hao walitoka pwani ya magharibi, si kwetu. Lakini sisi wa pwani ya mashariki tuna masoko yetu ya watumwa ya kuyakumbuka, na mtu wa Mombasa akisikia mwenzake anameza neno anajua kinachomezwa.

Tulipita King Street kuona ukumbi wa maigizo wa Bristol Old Vic, uliofunguliwa 1766 na unaofanya kazi hadi leo. Waliochangia ujenzi wake mwanzoni walipewa tiketi za fedha, yale madini hasa, si pesa, za kutazama kila mchezo. Juu ya dari mna mfereji wa mbao ambamo mipira huviringishwa ili kutoa ngurumo za radi. Hatukuusikia. Chai tulikunywa kwenye mkahawa ambao bei yake ilimfanya Shangazi atoe kikokotoo cha simu.

Kisha tukapanda Park Street, nyumba zake zikishuka kilima ngazi kwa ngazi, mpaka Great George Street namba 7. Hii ndiyo nyumba ninayotaka uende hata ukikosa nyingine zote. Inaitwa The Georgian House, ni jumba la makumbusho, kiingilio bure. Ilijengwa kati ya 1788 na 1791 kwa ajili ya John Pinney, mwenye mashamba ya miwa katika kisiwa cha Nevis huko Karibi. Ina vyumba 11 vya kutazama kwenye ghorofa nne, vimepangwa kana kwamba wenyewe wametoka kidogo.

Wageni wengi hupanda juu kwanza. Sisi tulishuka, kwa sababu Shangazi alisikia neno jiko. Na ndipo ziara ilipopata uhai. Mwanamke huyu alipika kwa kuni nusu ya maisha yake, jiko lile halikuhitaji maelezo. Aliangalia meko pana na vyuma vya kuzungushia nyama, akaangalia umbali wa kutoka pale hadi chumba cha kulia cha juu, akahesabu ngazi kwa kidole. "Chakula chafika kimepoa," akasema, "na anayepanda nacho ndiye anayegombwa." Akauliza moshi ulitokea wapi, maji yaliingia kwa mlango gani, na choo kiko wapi. Kisha tukaona, huko huko chini, kidimbwi cha mawe cha kujitumbukiza maji baridi, cha bwana mwenyewe. Shangazi aliinama akakichungulia kwa muda mrefu. "Watu wayabeba maji, yeye aoga," akasema.

Mimi juu nilishikwa na mbao. Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa tulikokulia zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, mita tatu kwa taabu, na ukuta wa matumbawe unangoja pale pale. Huku majengo ya wakati huo yalitumia misonobari iliyoletwa kwa meli kutoka Baltiki, mirefu na iliyonyooka, ndipo vyumba vikapanuka. Na mahogani ya samani za enzi hiyo ilitoka Karibi, ikikatwa na watumwa. Kila kitu kizuri cha kushika mkono kilikuwa na safari ya bahari.

Pinney alirudi kutoka Nevis 1783 akiwa na mkewe, na watu wawili zaidi: Fanny Coker, mtumishi wa mkewe, aliyeachwa huru 1778, na Pero, mtumwa wake. Pero alinunuliwa 1765 akiwa na miaka 12, pamoja na dada zake wawili, Nancy na Sheeba. Sheeba alikuwa na miaka sita. Pero alifunzwa unyozi, akamhudumia Pinney maisha yake yote, na alikufa 1798 bila kuachwa huru. Nyumba inaeleza habari zake kwa maneno machache, wazi, na haikumeza neno. Nilimsomea Shangazi kwa Kiswahili, polepole, nikirudia miaka.

Tulishuka mpaka bandarini, mwendo wa dakika 10 kwa mwenye magoti mazima. Lipo daraja la waendao kwa miguu, lililofunguliwa 1999, linaitwa Pero's Bridge. Lina pembe mbili kubwa za chuma, kama za mnyama, na vijana walikuwa wamelijaza kufuli za mapenzi. Watu wengi wanadhani pembe ni mapambo. Si mapambo. Sehemu ya katikati ya daraja huinuka kupisha mashua, na pembe ndizo uzito wa upande wa pili, zinazosawazisha. Ni kazi ile ile ya chuma changu ndani ya fremu, ila hapa kimewekwa nje kila mtu akione. Nilimweleza Shangazi kwa mikono, huku nikishika kamba hewani.

Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Na wale dada zake," akauliza, "wao wana daraja wapi?"

Ukienda: vaa viatu vya mpira, beba maji na sambusa zako, sehemu za kujiandikisha ziwahi mara tu orodha inapotoka. Clifton ifanye ya mwisho, kama miguu itabaki. Usiku ule Shangazi alituma picha kwenye kundi la familia. Niliona meko, vyuma vya nyama, kidimbwi, pembe za daraja mara tatu. Royal York Crescent, nyumba zote 46, haikuwemo hata moja.