Uzoefu wangu kwa mwanasaikolojia wa familia jijini Mbeya

Nilimpeleka mwanangu kwa mwanasaikolojia huyu akiwa na miezi 28, hasemi neno, haitiki akiitwa, na kutwa anapanga vizibo vya soda mstari mmoja kando ya ukuta. Mgongoni nilikuwa nimembeba mdogo wake wa wiki tisa. Mhudumu mmoja wa afya alikwisha kuniambia kwamba mtoto ameharibiwa na televisheni na kudekezwa, nami maneno hayo yalininyima usingizi mwezi mzima.

Mwanasaikolojia hakumwita mtoto mezani. Alivua viatu, akaketi mkekani, akaweka kizibo kimoja mwishoni mwa mstari, akanyamaza. Mwanangu alikitazama, akakigeuza kifanane na vingine, kisha akamtia kingine mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona akimpa mgeni kitu.

Baadaye aliniuliza maswali 20 ya dodoso la watoto wa miezi 16 hadi 30, akafafanua kwamba majibu yake huonyesha tu kama mtoto anahitaji uchunguzi zaidi, wala hayathibitishi usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto, ndipo akatuandikia twende kwanza kupima masikio. Alisema waziwazi kwamba usonji hausababishwi na malezi mabaya. Mama mkwe wangu, aliyetoka Tukuyu kuja kunilea uzazi, aliyasikia hayo mwenyewe, na tangu siku hiyo lawama nyumbani zimekoma.

Nisichokitarajia ni kuulizwa habari zangu. Alinipa dodoso jingine lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, ambalo lilitungwa Uskoti na kuchapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya kina mama waliojifungua. Nilipofika swali la tatu, linalohusu kujilaumu bila sababu, nililia, naye akanipokea mtoto mchanga akasubiri bila kuniharakisha. Nilikuwa na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na vipindi vilivyofuata tuligawana muda, nusu yangu na nusu ya mwanangu.

Kasoro zipo. Chumba cha kusubiria ni kidogo na chenye kelele, jambo linalomtesa mtoto kama wangu, hadi tulipopangiwa saa moja na nusu asubuhi kabla watu hawajajaa. Gharama nazo ni nzito kwa anayelipa taslimu na nauli ya kutoka Uyole juu yake.

Baada ya vipindi sita mwanangu bado hasemi, ila hunyoosha kidole akitaka maji. Baba yake alihudhuria viwili vya mwisho, na sasa jioni huketi naye mkekani akisubiri apewe kizibo.