Dola Milioni 6.6 kwa Swali Moja: Tathmini ya Utafiti wa Kambakochi wa Long Island Sound

Huduma ya kitaalamu hupimwa kwa swali alilokuja nalo mteja. Katika majira ya vuli ya mwaka 1999, wavuvi wa Long Island Sound, ghuba iliyo kati ya kisiwa cha Long Island na jimbo la Connecticut nchini Marekani, walikuwa wakipandisha mitego yenye kambakochi waliokufa, au walio hai lakini walegevu kiasi cha kufa kabla ya kufikishwa sokoni. Swali lao lilikuwa fupi: ni nini kimewaua? Mwezi Januari 2000 Waziri wa Biashara alitangaza rasmi kwamba uvuvi huo umeanguka, na Bunge likatenga dola milioni 13.9, ambapo milioni 7.3 zilikuwa kifuta machozi kwa wavuvi na milioni 6.6 za utafiti. Ninachokipima hapa ni kile kilichonunuliwa kwa fungu hili la pili.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mzuri. Kazi haikukabidhiwa maabara moja; iligawanywa kwa wataalamu wa magonjwa, wa sumu na wa mienendo ya maji, kwa kuwa tayari kila upande ulikuwa na mtuhumiwa wake. Wavuvi wengi waliinyoshea kidole dawa ya mbu. Mwaka huohuo virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu, vilikuwa vimegunduliwa jijini New York, mara ya kwanza katika bara la Amerika Kaskazini, na dawa kama malathioni na resmethrini zilinyunyizwa ili kuangamiza mbu. Dhana yao haikuwa ya kupuuzwa: kambakochi na mbu ni wa ukoo mmoja mkubwa wa wanyama wenye miguu ya viungo, na sumu iliyotengenezwa kumlenga mmoja si ajabu ikamdhuru mwingine.

Hadubini, hata hivyo, ilionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Katika tishu za neva za kambakochi waliokuwa wakifa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut walikuta amiba, kiumbe wa seli moja ambaye baadaye alitambuliwa kuwa wa jenasi ya Neoparamoeba. Utafiti dhaifu ungeishia hapo na kumtangaza mshindi. Lakini amiba wa kundi hili huishi baharini kwa kawaida yake na humvamia zaidi aliyekwisha kudhoofika, kwa hiyo swali la kweli likawa nani aliyewadhoofisha kambakochi hao kwanza.

Sehemu inayojibu swali hilo ndiyo bora kuliko zote. Kambakochi huyu wa magando makubwa ni mnyama wa maji baridi, na Long Island Sound iko karibu na mpaka wa kusini wa makazi yake ya pwani. Maji ya chini yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi, upumuaji wake huanza kuwa wa taabu. Kiangazi cha 1999 maji hayo yalipata joto, oksijeni ikapungua upande wa magharibi, na tope la chini likawa chanzo cha amonia na salfaidi, kemikali zenye sumu. Katikati ya Septemba mabaki ya kimbunga Floyd yakayavuruga maji, na maji ya joto yaliyokuwa juu yakapelekwa chini hadi walipojificha wanyama hao. Maabara ya uvuvi ya Milford, iliyoko Connecticut, iliyajaribu mazingira ya namna hii katika matangi, ikaona kwamba upungufu wa oksijeni ukiungana na amonia na salfaidi humfanya kambakochi ashindwe kwa urahisi zaidi na maambukizi. Jaribio la kuunganisha mateso, badala ya kupima moja moja kama ilivyo desturi, lilistahili gharama yake.

Huduma ilipwaya kwenye dawa za mbu. Majaribio yalionyesha kwamba hata kiasi kidogo mno cha malathioni au resmethrini kinaweza kuvuruga kinga ya mnyama huyu, ilhali makadirio ya kompyuta yalionyesha kwamba dawa iliyofika baharini ilizimuliwa mno kuweza kuua kwa wingi. Tatizo ni kwamba utafiti ulianza baada ya msiba, na dawa hizi huoza upesi. Makadirio yakalazimika kushika nafasi ya vipimo ambavyo vingepaswa kuchukuliwa siku zilezile. Simwoni mvuvi aliyekataa kuridhika na jibu hilo kuwa mkaidi.

Kasoro nyingine ni kasi na lugha. Mikutano ya kuwaeleza wavuvi ilifanyika njiani, lakini mkusanyo kamili wa makala ulichapishwa Oktoba 2005 katika jarida la kisayansi, miaka sita baada ya mitego kupanda na mizoga, na umeandikwa kwa ajili ya wanasayansi. Atakayeusoma leo aanze na makala za joto na oksijeni, kisha arudi kwenye amiba.

Hata hivyo, faida moja ilionekana kabla ya mkusanyo huo kutoka. Kiangazi cha 2002 kambakochi walikufa tena katika ghuba hiyohiyo, na safari hii wataalamu walikuwa wamekwisha kujipanga. Waliopasua miili hawakukuta amiba; walikuta chembe za madini ya kalsiamu zimeziba viungo vya utoaji taka na matamvua, ugonjwa ambao haukuwahi kuelezwa kwa kambakochi wa mwituni, na kwa mara nyingine ulihusishwa na maji yaliyopata joto kupita kiasi.