Ofisi ya wakili aliyekwenda Dodoma akarudi: nyota tatu na nusu

Jina la ofisi silitaji, maana mengine ninayosema hapa hayatampendeza mwenyewe. Wenyeji wa Mtwara mjini mkisikia benchi refu la mninga barazani, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani, mtajua ni wapi. Benchi lile nimelikalia tangu 2014.

Kilichonipeleka ni mikorosho. Mwaka 2003 marehemu baba alikuwa na shida, akaweka mikorosho yake arobaini kwa jirani kwa laki mbili na nusu. Watu wa Kusini hili mnalijua: mwenye hela anavuna msimu hadi msimu, siku akirudishiwa chake, miti inarudi kwa mwenyewe. Baba akafariki. Nilipopeleka hela, jirani akasema hakuwekewa rehani, aliuziwa. Akatoa karatasi ya daftari yenye dole gumba la baba, imeandikwa bila nukta wala mkato: nimempa mikorosho arobaini ale mpaka nirudishe hela yake. Jirani kidole chake kiliishia kwenye “mpaka”. Alikuwa anasema, si mnaona, nimepewa hadi mpaka wa shamba! Mwenyekiti wa kijiji akatikisa kichwa kukubali, na mimi mwenyewe nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Wakili alikuwa kijana mwembamba, mtu wa bara, shati jeupe limeanza kuchoka kwenye kola. Aliniamkia kwanza. Hela hakuuliza. Aliisoma ile karatasi kwa sauti, akairudia, halafu akasema, “Mama, mpaka wa shamba haurudishi hela. Endelea kusoma mbele ya hilo neno.” Basi. Miaka yote ile, na watoto wangu wamesoma, hakuna aliyesogeza kidole hatua moja mbele.

Akaniambia pia kwamba madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. “Umekuja wa kumi na moja. Ungekuja wa kumi na tatu ningekupa pole na chai.”

Wakati ule kesi kama yangu ilianzia Baraza la Kata, ambako mali isizidi thamani ya shilingi milioni 3, na wakili haruhusiwi kusimama humo. Sasa mtu wa namna yangu, ambaye nikiulizwa mbele za watu natetemeka, nifanyeje? Jioni tatu alinisimamisha pale barazani, fundi cherehani akawa ndiye mwenyekiti wa baraza, wateja wa nguo ndio wajumbe. Fundi alinibana kuliko baraza lenyewe. Kata nilishindwa hata hivyo, tukakata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko alisimama mwenyewe. Mikorosho ikarudi. Malipo yake niliyakamilisha kwa awamu mbili, ya pili baada ya mnada wa Novemba.

Kama ningeandika mwaka ule, zingekuwa nyota tano.

Mwaka 2015 akaenda kwao kugombea ubunge, akashinda. Sisi huku hatukumpigia kura, tulichofanya ni kumkosa. Sikununa. Nilimkumbuka Samuel Sitta, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jinsi alivyoliendesha Bunge alipokuwa Spika 2005 hadi 2010. Februari 2008 nilisimamisha hata kuanika dagaa nikisikiliza redioni Dk. Harrison Mwakyembe, naye mwanasheria, akisoma taarifa ya kamati ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Nikajisemea, huyu wetu akifika pale na kidole chake, watakoma.

Kumfuatilia kulikuwa kazi. Januari 2016 serikali ilitangaza televisheni ya taifa, TBC, haitaonyesha tena Bunge moja kwa moja kama zamani, na waziri aliyetangaza alikuwa mbunge wa hapa hapa jirani, jimbo la Mtama mkoani Lindi. Ikabaki kusubiri vipande vya taarifa ya habari.

Ofisini nako mambo yakaharibika. Kwa karibu miaka mitatu palikuwa na karani tu na mhuri uliofungiwa kabati. Nilikwenda kutaka hati ya kiapo ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, nikaambiwa wakili wa kushika zamu anakuja Alhamisi. Alhamisi nikaambiwa Jumatatu. Kuna mzee alitoka na nauli yake Tandahimba mara mbili bure. Kosa hilo ni la mwenye ofisi. Ukiondoka, ama uache mtu ama ufunge mlango.

Halafu ikaja Juni 2018. Sheria ya tasnia ya korosho ilikuwa inasema asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje irudi kwenye mfuko wa zao lenyewe, ndiko pembejeo na utafiti vilikopata fedha. Muswada wa fedha ukaja kuifuta, ushuru wote uende Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walisimama kupinga, wengine kwa hasira. Mimi namsubiri wakili wangu. Jimboni kwake hakuna hata mkorosho mmoja, lakini nilijua ile ibara ataisoma mpaka mwisho. Sikusikia jina lake. Muswada ukapita, na msimu ule ule bei zikagoma, hadi Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kusomba. Mimi nilingoja malipo hadi nikakopa ada ya shule.

Mwaka 2020 hakurudi bungeni, na mwaka uliofuata nikamkuta ofisini, amenenepa kidogo, shati jipya. Karani anamwita Mheshimiwa. Yeye akainuka, “Shikamoo mama,” kama zamani. Nikaitikia marhaba, na kabla sijakaa nikamuuliza: ile ibara ya ushuru uliisoma?

“Niliisoma.”

“Ukasema nini?”

“Spika akiwahoji wanaoafiki, watu wote wanajibu kwa pamoja. Nilisema ndiyo, mama.”

Hakuongeza neno. Angeweza kunidanganya, maana kura ya sauti haina jina la mtu. Alimtuma karani chai, tukanywa kimya, nje cherehani ya jirani inakimbia. Nusu nyota niliyomwongezea ni ya jibu hilo. Nyota mbili nilizokata ni za hiyo ndiyo yenyewe, pamoja na ile miaka ya mhuri kabatini.

Huduma ya sasa: anayefanya kazi hasa ni binti wakili aliyeajiriwa 2019. Huyo muombeni kwa makusudi. Nilimpeleka shoga yangu mwenye mgogoro wa kiwanja, akamweleza taratibu kwamba tangu 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu ndani ya siku 30, na mkishindwana ndipo mwende Wilaya. Alimchorea kwenye karatasi, mishale na yote, akamwambia pa kuanzia hahitaji wakili wala hela ya wakili. Mwenye ofisi naye akiwapo bado anasoma kwa sauti, ila simu yake inaita sana, na kila baada ya sentensi mbili kuna mtu wa bara anataka ushauri wa uchaguzi.

Bei imepanda. Kusikilizwa mara ya kwanza siku hizi ni elfu thelathini, zamani bure. Risiti ya mashine wanatoa bila kuombwa. Picha kubwa ya yeye amevaa suti mbele ya jengo la Bunge imetundikwa juu ya kabati la mafaili, nzuri, lakini imeziba feni.

Nendeni asubuhi, kabla ya saa tatu, na mbebe karatasi zenu zilezile za zamani, hata kama zimeliwa na mchwa. Fotokopi hawazitaki kabisa, wote wawili.