Upanga wa Kisasi: Mzimu Mzuri Uliofanyiwa Kazi Nusu

Watazamaji wangu, karibuni. Leo ninauchambua Upanga wa Kisasi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa kanuni za toleo la tano za mwaka 2014. Nyongeza yake ya 1 katika shambulio na madhara mnaijua, kwa hiyo ninairuka na kwenda moja kwa moja kwa mzimu unaoishi ndani yake.

Mhusika akishafungamana kichawi na upanga huu hakubali kuachana nao, na akipiga kwa silaha nyingine hurusha dadu mbili, ikahesabiwa ya chini. Hayo tumezoea. Sasa tazameni hapa mezani. Huyu ni askari mwenye nyongeza ya 1 ya hekima, naye analinda mlango ambao nyuma yake amelala mchawi aliyejeruhiwa. Kule mwisho wa ukumbi nimemsimamisha goblini, kijitu adui, mwenye upinde. Mshale unampata askari na kumtoa pointi 3 tu za uhai, lakini mzimu haujali udogo wa jeraha. Ninarusha dadu ya pande 20 nikitafuta jumla ya 15 au zaidi ili hekima yake iushinde mzimu: imeangukia 9, ukijumlisha 1 ni 10. Mori umempanda! Kuanzia sasa hana budi kumwandama goblini yule mpaka mmoja wao abaki na pointi sifuri za uhai, au mpaka asiweze tena kumfikia kwa upanga. Mnaona mlango ulivyobaki wazi, na goblini hawa wawili niliowaficha nyuma ya nguzo? Uwezekano wa askari huyu kushindwa ni asilimia 65, tena kila anapojeruhiwa vitani. Nikimpandisha mwenye upinde kwenye ukingo wa juu usiofikika, mori unakatika papo hapo, na ndiyo maana wenzake wanaweza kumwokoa kwa kuondoa ngazi tu. Laana inayowafanya watu wanne wapange hila kwa ajili ya mmoja ni laana iliyobuniwa vizuri.

Mshindani wake ni Shoka la Mori, ambalo humfanya mshikaji amshambulie aliye karibu naye, rafiki akiwemo. Kwangu hilo huzaa ugomvi mezani. Hata hivyo, shoka humwongezea mwenyewe pointi 1 ya uhai kwa kila ngazi ya ukuaji wa mhusika, ilhali upanga hauilipi laana yake kwa chochote, na hapo ninakiri shoka limeshinda. Video yake inakuja. Jiungeni na chaneli isiwapite.

Kinachoniudhi ni namna mzimu unavyopungwa. Uchawi wa Ufukuzaji ukielekezwa kwenye upanga, mzimu hutoka na silaha hubaki na ile nyongeza ya 1, basi. Nani aliuawa, na anamtaka nani? Kitabu cha kanuni kimenyamaza, ingawa kitabu hichohicho kina kanuni kamili za vitu vyenye akili zao, ambavyo huzungumza, vina lengo lao na hushindana na mshikaji kwa haiba. Msimamizi wa mchezo, zichukue kanuni hizo, uupe mzimu jina na adui.

Bei yake kwa kundi lake la uadimu ni vipande 101 hadi 500 vya dhahabu, na kwa kuwa uchawi wa Utambuzi, unaoonyesha sifa za kitu cha kichawi, hauifichui laana, mnunuzi ataamini amepata upanga wa kawaida wenye nyongeza. Ningeuuza kwa mchezaji mzoefu anayependa kusimama mbele vitani; anayejifunza bado kanuni za mapigano ningemficha upanga huu kabisa.