Tahadhari: Anayeuza Romanée-Conti ya mwaka 1949 anauza kitu ambacho hakikutengenezwa

Ndugu zangu mnaonunua mvinyo wa bei kubwa, hasa mlioko Ulaya na nchi za Ghuba, jihadharini na mtu anayejitambulisha kuwa dalali wa mvinyo wa Burgundy, eneo la Ufaransa, na kusambaza matangazo kwa Kiswahili fasaha kwenye makundi ya WhatsApp. Anauza chupa mbili za Romanée-Conti za mwaka 1949, kila moja kwa euro 3,500, akidai kuwa ni urithi wa mzee mmoja wa Ubelgiji ambaye watoto wake hawanywi pombe. Anataka nusu ya fedha itangulie, tena iingie katika akaunti ya mtu binafsi, na hakubali chupa zikaguliwe kabla ya malipo.

Bei hiyo ni ndogo mno kwa mvinyo huu, na hilo peke yake linatia shaka, lakini kinachomuumbua ni mwaka ulioandikwa kwenye lebo. Shamba la Romanée-Conti liko katika kijiji cha Vosne-Romanée, mashariki mwa Ufaransa, na ukubwa wake haufiki hekta 2. Zamani lilikuwa mali ya watawa wa Saint-Vivant. Mwaka 1760 lilinunuliwa na Louis-François de Bourbon, mwanamfalme wa Conti, na ingawa Mapinduzi ya Ufaransa yaliupokonya ukoo wake shamba hilo, jina la Conti halikuondoka. Mwishoni mwa karne ya 19, mdudu aitwaye filoksera alipoiangamiza mizabibu ya Ufaransa kwa kula mizizi yake, wakulima wengi walipandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani yanayomhimili mdudu huyo, lakini wenye Romanée-Conti waliing'ang'ania mizabibu yao ya zamani, wakiikinga kwa kemikali iliyodungwa ardhini. Vita Kuu ya Pili ilipofika, kemikali ikaadimika, vibarua wakapungua na mizabibu ikadhoofika kiasi kwamba mavuno ya mwaka 1945 yalitoa takriban chupa 600 tu. Baada ya hapo mizabibu yote iling'olewa, mipya ikapandwa mwaka 1947, na hapakuwa na Romanée-Conti yoyote kuanzia 1946 hadi 1951. Mvinyo wa kwanza wa mizabibu mipya ni wa mwaka 1952.

Nilipomwandikia muuzaji kuhusu jambo hilo, alijibu kwamba hizo ni chupa za akiba ya familia ambazo hazikuwahi kuandikwa kwenye vitabu. Mzabibu wenye umri wa miaka miwili hauna akiba ya kumpa mtu. Katika picha alizotuma, mvinyo umejaa karibu kugusa kizibo, ilhali chupa ya zaidi ya miaka 70 kwa kawaida huwa imepungua, isipokuwa kama ilifunguliwa na kuwekewa kizibo kipya, jambo ambalo muuzaji mkweli angelitaja mapema. Hata hivyo, msimwite tapeli kila mwenye chupa ya mwaka huo: wamiliki haohao wa Romanée-Conti walitengeneza La Tâche na Richebourg, mvinyo wa mashamba mengine, za 1949, na hizo ni halali kabisa.

Hila hii si mpya. Mwaka 2008, Laurent Ponsot, mtengeneza mvinyo wa Burgundy, alifika New York kuzuia mnada wa chupa zilizobeba jina la familia yake, zikiwemo za Clos Saint-Denis za miaka ya 1945 hadi 1971, wakati familia hiyo ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Chupa hizo zilitoka kwa Rudy Kurniawan, ambaye wanunuzi walikuwa wamempa jina la utani la Dr. Conti. Alikuwa akichanganya mvinyo wa bei nafuu nyumbani kwake California, akiumimina kwenye chupa kuukuu na kubandika lebo alizozichapa mwenyewe; mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Baadhi ya chupa tupu alizipata mikahawani. Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi hotelini, mteja akimaliza chupa ya aina hii, iharibuni lebo au ivunjeni chupa yenyewe kabla haijatoka nje ya mlango.

Wanaoghushi huvutiwa na uhaba. Shamba hutoa chupa kama 5,000 au 6,000 kwa mwaka. Zabibu huchaguliwa kwa mkono, sehemu kubwa huchachushwa pamoja na vikonyo vyake, kisha mvinyo hulazwa katika mapipa mapya ya mwaloni. Chupa hizo huuzwa kupitia waagizaji maalumu wa kila nchi, nazo huwa na namba. Anayeuza chupa halisi ya zamani ataonyesha risiti au kumbukumbu za mnada, na atakubali mtaalamu aishike na kuikagua.

Kama umeshatuma fedha, ijulishe benki yako leo hii na uombe malipo yasimamishwe, kisha peleka taarifa polisi ukiwa na namba ya akaunti, picha za chupa na mazungumzo yote. Usiyafute, hata akikuahidi kukurudishia fedha. Na usimtumie nyingine anayosema ni ya ushuru wa forodha, kwa sababu hilo ndilo ombi lake la pili.