Ofisi ya ushauri wa kodi, Tororo: alinikatalia, na nitarudi

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimeajiriwa katika karakana hapa Tororo, Uganda. Bosi anatoa mashine na umeme. Grinda, glovu na kofia ya kuchomelea tunajinunulia. Mwaka jana grinda peke yake ilinila shilingi 280,000. Kijana mmoja mwenye kompyuta aliniahidi kwamba kodi ya mshahara itapunguzwa kwa ajili ya zana hizo. Akachukua 80,000 zangu, na sikuona kitu.

Ndipo nikaelekezwa kwa dada mwenye ofisi ya chumba kimoja, nyuma ya stendi ya teksi. Nilimpelekea risiti katika kopo la maziwa. Alizitandaza mezani moja moja, zilizofifia akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema, "Fundi, sitakula pesa yako bure. PAYE, hiyo kodi ya mshahara, inakatwa kwenye mshahara mzima, hakuna mahali pa kutoa bei ya grinda."

Iliniuma. Lakini hakuniacha hapo. Akageuza bahasha akapiga hesabu: mshahara wa mwezi 900,000, kodi ni 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 410,000, jumla 172,000. Bosi akiniongezea marupurupu ya zana 100,000, basi 30,000 inakwenda kwenye kodi. Ila nikinunua kwa niaba ya karakana, risiti ya EFRIS (ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi) ikatoka na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya karakana, pesa nitakayorudishiwa haihesabiwi mshahara, naye bosi anaiingiza kwenye gharama zake. Risiti ya mkono, kutoka duka linalopaswa kutoa ya EFRIS, haimsaidii. Na zana zinakuwa mali ya karakana; hilo pia alilisema wazi, sikulazimika kuuliza.

Akamwandikia bosi barua ya ukurasa mmoja. Malipo yote 20,000. Mwezi uliopita nilirudishiwa pesa ya glovu na diski za kukatia, kamili.

Kasoro ipo. Kiti cha wateja ni kimoja, nilisimama tangu saa tatu hadi karibu saa tano. Jumamosi anafunga saa sita, saa ileile mafundi tunapotoka kazini. Dada, tafadhali tuongezee hata saa moja.

Mkienda, toeni kopi ya risiti siku hiyohiyo mnaponunua. Mbili zangu alizikuta nyeupe kabisa.