TAHADHARI: Farasi 81 wa kwenye karatasi, kabla hujalipia "kabla na baada"

Wadau wa magari ya turbo, nimeuziwa farasi 81, yaani nguvu ya ziada ya injini. Waliofika nyumbani ni 10 hivi. Wengine wote walibaki kwenye karatasi, na karatasi hiyo ninayo hapa mezani.

Jina la gereji silitaji. Mchezo walionifanyia unaweza kuchezwa na yeyote mwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, na ukishaujua utauona mwenyewe popote ulipo.

Gari langu ni la michezo, lita 2, turbo moja, lilikuwa halijaguswa. Niliahidiwa programu mpya ya kompyuta ya injini pamoja na filta ya hewa ya wazi, tena "utapimiwa kabla na baada, ukiwa umesimama hapohapo." Hilo neno ndilo lililoniangusha. Mtu anayekubali kukupimia mbele ya macho yako utamshuku vipi? Kipimo cha kwanza kilitoa 231. Saa tano baadaye, cha pili kikatoa 312. Nikalipa, nikaondoka kichwa kimevimba.

Gari lilikuwa linavuma kuliko zamani, na mimi nikauchukua mvumo kuwa ni mbio. Filta ya wazi ndivyo ilivyo, inakupigia kelele mpaka unajiona unapaa. Nilizinduka siku nilipolirudisha kwenye uwanja uleule wa mbio ninaopimia muda. Kutoka kilomita 100 hadi 200 kwa saa, zamani lilitumia sekunde 13.1. Sasa 12.6. Nguvu ikipanda kutoka 231 hadi 312 ni ongezeko la asilimia 35, na gari la uzito uleule lilipaswa kushuka chini ya sekunde 10. Nusu sekunde ni kitu, lakini si kile nilicholipia.

Nikazitoa zile karatasi mbili nikazilaza sambamba. Grafu sikuziangalia tena. Nilisoma maandishi madogo ya kona ya chini, yale ambayo siku ile hakuna aliyeyanyooshea kidole.

Karatasi ya kwanza: marekebisho ya SAE, nguvu ya kwenye magurudumu, ulainishaji wa mstari 5. Karatasi ya pili: marekebisho ya STD, nguvu ya kwenye kranki, yaani kwenye injini yenyewe, kwa kukisia upotevu wa asilimia 15 njiani hadi magurudumu, kizio PS, ulainishaji 0. Yaani walipima kitambaa kwa mita mara ya kwanza, mara ya pili kwa shubiri ya mtoto, kisha wakasema kimerefuka.

SAE na STD ni kanuni za kurekebisha matokeo kulingana na hali ya hewa. SAE inayatafsiri kana kwamba gari limepimwa kwenye joto la nyuzi 25 na shinikizo la kilopaskali 99. STD ni ya zamani zaidi, inachukulia nyuzi 15.6 na hewa nzito zaidi. Hewa ya baridi na nzito ina oksijeni nyingi, kwa hiyo gari lilelile hupata takriban asilimia 4 zaidi bila bolti kuguswa. PS ni farasi wa wati 735.5, farasi wa kawaida ni wa wati 745.7, basi namba inavimba tena kidogo. Na ulainishaji ukiwa 0, kila mruko wa mstari unahesabiwa kuwa kilele. Kwangu kilele kilikuwa ni mwiba mmoja wa farasi 4.

Nikaanza kurudi kinyumenyume. 312 toa mwiba, 308. Kutoka PS kuja farasi wa kawaida, 304. Kutoka kranki kuja magurudumu, 258. Kutoka STD kuja SAE, 248. Farasi 64 wamekimbia na boneti sijaifungua.

Zimebaki 17, na hizo nazo hazikuwa safi, kwa sababu ile 231 ilipikwa. Gari lilipandishwa kwenye ngoma, yale mapipa ya daino yanayozungushwa na magurudumu, likitoka barabarani, boneti imefungwa, feni imezimwa. Wakalivuta, yaani wakalikanyagia mafuta hadi mwisho likiwa juu ya ngoma, mara tatu mfululizo, wakachapisha ya tatu. Turbo hubana hewa, na hewa ikibanwa hupata moto. Kipoza hewa, kinachoipoza hewa hiyo kabla haijafika kwenye injini, kikishachemka, injini inameza hewa ya moto, na kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani yake. Nguvu inashuka. Mara ya pili gari lilikuwa limepoa saa tano, boneti wazi, feni mbili, na mfuko wa barafu juu ya kipoza hewa. Mimi nikadhani ni uangalifu wa fundi! Tena mara ya kwanza walitumia gia ya tatu, ya pili gia ya nne. Kwenye gia ndefu mvuto unachukua muda zaidi, turbo inapata nafasi ya kujaza presha mapema.

Nikaenda kwa fundi mwingine mwenye daino ya aina ileile. Hili muhimu, maana namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi hovyo. Akarudisha programu ya zamani na filta ya zamani, akapima mara tatu: 239, 238, 237. Akaweka vya kwao, akasubiri joto la hewa iingiayo lirudi palepale, akapima tena mara tatu: 248, 249, 247. Gia ileile, feni ileile, SAE mwanzo mwisho.

Kisha akanionyesha rekodi ya presha, na hapo nilicheka kwa uchungu. Programu ya kiwandani ilikuwa inapandisha baa 1.0 juu ya hewa ya kawaida. Ya kwao, baa 1.05. Ukijumlisha na hewa ya kawaida, ni kutoka baa 2.0 hadi 2.05, asilimia 2.5 tu. Nguvu ya injini ya turbo haiendi mbali na presha hiyo. Ili kupata asilimia 35, ingebidi presha ikaribie baa 1.7 juu ya hewa ya kawaida, na sijui kama turbo yangu ingesalimika hata wiki moja.

Kuna hila nyingine ambazo mimi hazikunipata, ila yule fundi alinitajia. Sensa ya hali ya hewa ya daino ikiwekwa karibu na rejeta, mashine inaamini chumba kizima kina joto kali na inaongeza marekebisho. Wapo pia wanaochora grafu nzima kwa kompyuta. Hao huwakamata hivi: kama toki (nguvu ya kuzungusha) imeandikwa kwa futi-pauni na nguvu kwa farasi, na mizani ya pande zote mbili ni moja, mistari lazima ikatane kwenye mizunguko 5,252 kwa dakika. Ikikatana kwingine, ni picha ya kuchora.

Kwa hiyo ukienda kupimiwa usiridhike na karatasi. Omba faili ghafi za mivuto yote, hata ile waliyosema "imeharibika". Mashine huzihifadhi, na kwenye faili mipangilio ya kona inabadilishwa upendavyo, basi unaziweka zote kwenye SAE na ulainishaji mmoja ndipo unalinganisha. Piga picha ya gia, feni na boneti kabla ya kila mvuto. Na wewe mwenyewe uwe na kifaa cha kurekodi presha na joto la hewa iingiayo.

Zangu nimewaomba mara tatu. Mara ya kwanza mhusika alikuwa safarini. Ya pili, nikaambiwa faili ni siri ya gereji. Ya tatu, kompyuta ya daino imeungua, kila kitu kimepotea. Jioni hiyohiyo waliweka picha ya gari la mteja mwingine juu ya ngoma, na grafu mbili, kona ya chini imekatwa.